Moyo Upande wa Kulia

Buyenzi, 12 Januari 2025

Kaka Anouar,

Assalaam alaykum. Kama huko Liège baridi bado inatesa watu, pokea joto letu kidogo, maana sisi limetuzidi. Mama yupo, anakusalimu. Goti linamsumbua anapopanda ngazi za msikiti, lakini ukimwambia apumzike anakukata jicho moja tu, unarudi ulikotoka. Mafuta ya gari bado ni shida. Elvire, mwalimu mwenzangu katika darasa la viziwi, anatembea kwa miguu kutoka Musaga mpaka darasani kwetu, anafika amelowa jasho na bado anacheka. Ukitaka kujua nani anapenda kazi yake, ngoja mafuta yaishe mjini.

Sasa nisikilize kama mimi kiziwi nilivyokuwa nikikusikiliza wewe utotoni, yaani kwa macho. Kitabu kimekwisha! Kamusi ya ishara za viziwi wa Bujumbura, ishara zetu wenyewe, za Buyenzi na Musaga na Buterere, si zile za vitabu vya nje ambazo wanafunzi wetu wanazitazama kama mgeni aliyekosea mlango. Michoro imepita mia tatu. Elvire alinipiga picha nikisema kila neno, nami nikachora juu ya picha. Kwa hiyo mikono yote humo ndani ni yangu. Nimeichora mpaka kucha.

Haji Uthmani, yule mwenye duka la vipuri, ameahidi kukichapisha na kukipeleka kwenye kila madrasa yenye mtoto kiziwi. Mama tangu asikie hivyo anatembea kama bibi harusi.

Shida ni moja. Nimechora kwa ile programu ambayo mstari hauhifadhiwi kama doa la wino bali kama hesabu, ukiukuza hadi ukubwa wa ukuta hauharibiki. Lakini programu ya kupangia vitabu uliyonifundisha haiipokei michoro hiyo mpaka kila mmoja ubadilishwe kuwa PDF. Nimebadili mmoja mmoja kwa mkono mpaka nikaitukana kompyuta. Wewe ni mtu wa kazi hizi. Niandikie skripti, orodha ya amri inayoweza kuibadili yote kwa mkupuo.

Mdogo wako,
Houda


Liège, 2 Februari 2025

Mdogo wangu Houda,

Wa alaykum salaam na rehema zake. Barua yako niliisoma kwenye treni, nikacheka peke yangu mpaka bibi mmoja wa Kibelgiji akahama kiti. Sisi hatujambo. Mtoto mkubwa amerefuka, mdogo ameanza kukataa Kiswahili, ananijibu Kifaransa huku amenitazama usoni. Kazini bado napanga kurasa za maelekezo ya mashine za kufulia. Nimepanga kurasa za mashine ambazo mimi mwenyewe siwezi kuzinunua.

Skripti nimekuambatanishia. Inaingia kwenye folda, inafungua mchoro wa kwanza, inaupima, inakata ukingo mweupe usio na kazi, inauhifadhi kama PDF kwa jina lilelile, kisha inakwenda kwa unaofuata mpaka folda iishe. Iweke pamoja na michoro, iendeshe, uende ukapike. Ukirudi utakuta kazi imekwisha. Huna haja ya kuifungua. Ukigusa herufi moja tu ndani yake inaweza kugoma, na mimi niko mbali.

Ijumaa nilizungumza na Mama kwa simu. Haji Uthmani alikuwapo hapo nyumbani, naye tukasalimiana. Mama ana furaha kubwa na kitabu. Nataka ubaki ukijua hivyo, kwamba wote tunakifurahia.

Ndugu yako,
Anouar


Buyenzi, 23 Februari 2025

Kaka Anouar,

Salamu za mvua. Huku imenyesha siku nne, Buterere maji yameingia kwenye nyumba za watu na mashamba ya mpunga hayaonekani. Wanafunzi wetu watatu wa huko hawajafika darasani. Elvire ameahidi kwenda kuwatazama maji yakipungua. Mama anakohoa kidogo. Nimemchemshia tangawizi, akasema nimetia nyingi, akanywa yote.

Skripti yako niliiendesha Alhamisi. Nilitaka kuibusu kompyuta niliyoitukana. Niliona majina yanapita kwenye kioo moja baada ya jingine, na kabla sijamaliza kukatakata mboga za lengalenga kila kitu kilikuwa tayari. Nikapanga kurasa, nikaenda kuchapisha nakala ya majaribio kwenye kibanda cha fotokopi, nikaipeleka darasani nikiwa na kiburi changu chote.

Kaka, walinicheka! Darasa zima. Wa kwanza kuona alikuwa binti anayekaa mbele. Alinionyesha ukurasa wa "moyo", akajipiga upande wa kulia wa kifua na kuuliza kama walimu wana mioyo yao peke yao. Nikatazama. Kweli, kwenye karatasi moyo wangu uko upande wa kulia.

Hilo ni la kuchekesha. La pili halichekeshi. Unakumbuka ishara zetu za gereji, "kaza" na "legeza", ngumi inavyozunguka kama imeshika spana. Kwenye nakala mishale imezunguka kinyume. Palipoandikwa "kaza" mkono unalegeza, na palipoandikwa "legeza" mkono unakaza. Karibu nusu ya wanafunzi wetu wakubwa wanajifunza ufundi katika gereji za hapa Buyenzi. Ukimfundisha mtu wa gereji kwa kitabu hiki, gurudumu la teksi litatangulia Musaga peke yake na abiria watafuata kwa miguu.

Skripti yako inaumwa nini? Itazame. Haji anataka kitabu kiwe tayari mara baada ya Idi.

Houda


Liège, 21 Machi 2025

Mdogo wangu,

Ramadhani njema. Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi, na huku kufunga ni kufunga kweli, jua linazama linavyotaka lenyewe. Nimefurahi kusikia maji ya Buterere yamepungua. Mama aliniambia wale watatu wamerudi darasani. Mpe pole ya kikohozi.

Kuhusu michoro, usijali. Ni jambo dogo. Nimetengeneza skripti mpya ambayo inayaacha "moyo", "kaza" na "legeza" kama ulivyoyachora. Hayo matatu yatakuwa sawa. Mengine yaache yalivyo. Msomaji wa kawaida hataona tofauti yoyote. Vitabu vingi vya namna hii vinaonyesha mkono wa kulia, ndiyo kawaida ya kazi, na nadhani kitabu chako kitapendeza zaidi kikifuata kawaida.

Iendeshe, umpelekee Haji, tuweke kazi hii nyuma yetu. Watoto wanakusalimu kwa mikono. Mdogo amejifunza kusema "shangazi".

Anouar


Buyenzi, 4 Aprili 2025

Anouar,

Idi imepita salama. Mama alipika pilau, majirani wakala wakamaliza. Hizo ndizo salamu, na leo sina nyingine.

Nimeifungua skripti yako. Uliniambia nisiifungue, na mimi nilitii kama mtoto mwema mpaka ulipoandika hilo neno "kawaida". Nilikaa siku tatu nikisoma kila amri inafanya nini. Kwenye mtandao yapo mafunzo yenye maandishi chini ya video, sihitaji sikio la mtu. Nikaufikia mstari unaozidisha upana wa mchoro kwa hasi moja. Ukizidisha upana kwa hasi moja, kilichokuwa kushoto kinahamia kulia. Nimeelewa vizuri?

Ningeweza kusema umekosea. Lakini michoro yangu ina matabaka, mikono tabaka lake, mishale lake, maneno lake. Mstari wako unapindua mikono, unapindua mishale, na maneno unayaruka ili yasomeke. Kosa halichagui, Anouar. Kosa lingepindua vyote. Aliyeandika mstari ule alikaa akafikiri.

Mimi nasema kwa mkono wa kushoto. Tangu nizaliwe. Wewe umegeuza mikono yangu yote, ukanirudishia mikono ya mtu mwingine na jina langu juu yake.

Nilipokuwa na miaka sita Mama alinifunga mkono huu kwa kipande cha kitenge, akaubana kwenye mbavu, ili nizoee kulia. Kula nilijifunza. Nakula kwa kulia, nasalimia kwa kulia, napokea kwa kulia, na hakuna mtu hapa mtaani aliyewahi kuniona nikipeleka tonge mdomoni kwa kushoto. Simlaumu Mama kwa hilo, ni adabu yetu na naishika. Lakini mtoto anayesikia, ukimfunga mkono ataendelea kupiga kelele na kuomba maji. Mimi nilifungwa mkono na mdomo kwa fundo moja. Mvua zote mbili za mwaka ule zilipita sijasema neno. Wewe ulikuwapo, ulikuwa na miaka kumi.

Nani alikwambia uugeuze? Usinijibu "kawaida". Nataka jina la mtu. Na nataka kujua mnazungumza nini na Mama kila Ijumaa, hiyo simu ikiwa sikioni mwake nami nimekaa mkeka huohuo nachambua mchele. Namwona mdomo unavyokwenda. Namwona anavyonitazama halafu anageuka ukutani.

Houda


Liège, 19 Aprili 2025

Houda,

Mama na wewe mko salama, natumaini. Sisi tupo.

Umetaka jina, nakupa mawili. Haji Uthmani alinipigia Januari akiwa hapo nyumbani, kabla hata sijaanza kuandika skripti. Alikuwa ameiona michoro yako. Alisema, "Anouar, kitabu ni kizuri sana, lakini picha ya mutu anakula na kushoto, mi siwezi kuitia jina yangu. Mu madrasa watoto watasema nini?" Nilimjibu kwamba nitaongea na wewe. Kweli nilitaka kuongea na wewe.

Kisha Mama akachukua simu. Namwandika kama alivyosema: "We ndo unajua mambo ya mashine. Ugeuze tu, asijue. Mi sitaki watu waseme mutoto ya baba yenu Twahiru hakulelewa. Nitaweka uso wapi?" Alikuwa analia, Houda. Mimi niko mbali, Baba hayupo, na mama yangu analia kwenye simu kwa sababu ya michoro. Ungefanya nini?

Nilifikiri hivi. Ukiendesha skripti, kitabu kitatoka, Haji atalipa, watoto watapata kitabu, Mama ataenda msikitini kichwa juu, na wewe hutajua. Hakuna atakayeumia. Nilisahau moyo. Nilisahau na zile spana. Hilo ni kosa langu la ufundi na nimelitengeneza.

Lakini nikuulize na wewe swali. Kitabu kikifika kwa mtoto kiziwi kikamfungulia dunia, ana haja gani ya kujua kama aliyechorwa alitumia mkono gani? Upande ni upande tu. Wewe mwenyewe unafundisha watoto wenye kutumia kulia. Usivunje jahazi zima kwa ajili ya msumari mmoja.



Anouar


Buyenzi, 11 Mei 2025

Anouar,

Mama ni mzima, kikohozi kimekwisha. Elvire amepata baiskeli ya kuazima, sasa anafika mapema kuliko mimi ninayekaa hatua mbili tu kutoka darasani, na ananitania kwa hilo. Nakuandikia kwa utulivu, nimengoja hasira ishuke. Imeshuka kidogo.

Nilimwomba Haji Uthmani aje nyumbani. Alikuja baada ya Alasiri, amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumatatu. Mama akamtengea chai na mandazi. Elvire alikuja kunitafsiria, baba yake ni kiziwi, ishara alizijua kabla ya Kirundi. Nilimwomba baadaye aniandikie kila neno lililosemwa, nami nakupa kama lilivyo.

Haji alianza: "Houda, mi sikukatalii kitabu. Lakini ule mukono, apana. Kushoto ni ya chooni. Uko mutoto ya Kiislamu, unajua."

Nikasema, naye Elvire akanipa sauti yake: "Haji, we ukisema 'maji', unalowa?"

"Apana."

"Ukisema 'kula', unashiba?"

Haji alicheka, ilimtoka tu. Nikamwambia: "Basi na mi nikisema kula, sijala kitu. Siku nikiwa na sahani mbele yangu njoo uangalie, nitakula na kulia. Lakini kusema nasema na ule Mungu alinipa wa kusemea. Ulimi yako, nani alikuuliza uulaze upande gani?"

"Uko na maneno mingi," akasema.

"Miaka yote nilikuwa sina. Niache niyamalize."

Akaleta hoja nyingine, kwamba watoto wataiga. Hiyo nilikuwa naingoja. Nilifungua ukurasa wa "kula", mchoro wangu wa asili, sijaugeuza, nikamwekea mbele ya uso kama kioo. Nikamwambia aige haraka bila kufikiri. Haji akainua mkono akaupeleka mdomoni. Ulikuwa wa kulia! Aliutazama kama umefika hapo wenyewe. Anouar, hili ndilo wewe na elimu yako yote ya kupanga kurasa hukuliona. Mtu wa kwenye picha ametazamana na msomaji. Mkono wangu wa kushoto uko upande wa mkono wake wa kulia. Watoto wangu wote wenye kutumia kulia wamejifunza hivyo kwangu tangu siku ya kwanza, wananiiga kama wanavyojitazama kwenye kioo. Picha mlizozipindua ndizo zinazowachanganya.

Ungedhani yamekwisha. Lakini mtu mkubwa akishindwa mbele ya chai yake hafurahi. Haji alisimama, akaweka kofia sawa, akamgeukia Mama: "Mama Anouar, samahani kukuuliza. Uyu mutoto ulimulea namuna gani?"

Kisha akaondoka. Mama aliokota vikombe, akaenda jikoni, na hakunitazama mpaka asubuhi. Nilijua kwamba kile alichokuwa anakiogopa kimemfikia ndani ya nyumba yake, na mimi ndiye niliyekileta. Niliumia. Lakini sikujuta, na sitajuta.

Unauliza mtoto ana haja gani ya kujua aliyechorwa alitumia mkono gani. Yupo binti darasani kwangu, huyohuyo aliyeuliza habari ya moyo. Anasema kwa kushoto. Nyumbani kwao wanamchapa kila anapouinua. Nenda umwambie yeye kwamba upande ni upande tu.

Houda


Liège, 2 Juni 2025

Mdogo wangu,

Idi ya kuchinja inakaribia, Mungu atufikishe. Nimetuma kitu kidogo kwa ajili ya mbuzi, kitafika kwa njia ya kawaida.

Jambo la kioo nimelijaribu mbele ya watoto wangu. Uko sahihi. Wote wawili waliinua wa kulia.

Haji amenipigia tena. Amelainika, nadhani ile siku ilimkaa rohoni. Anasema michoro yote anaikubali, yote, ya kushoto kama ilivyo, isipokuwa mmoja. "Kula" tu. Ugeuzwe huo mmoja, naye atachapisha nakala kwa madrasa zote, na Buterere atazipeleka mwenyewe kwa gari lake. Mmoja, Houda, kati ya mia tatu na zaidi. Fikiria wale watoto waliotoka majini. Ni mstari mmoja kwenye skripti, siyo hata mstari, ni jina moja la faili. Nikubalie tu, nitauandika mimi, wewe hutaugusa.

Kuhusu ule mkono na kitenge. Nimeanza kuandika mara mbili nikafuta. Acha tu.

Anouar


Buyenzi, 22 Juni 2025

Kaka Anouar,

Mbuzi tulimpata, alikuwa mnene na mbishi, Elvire anasema alifanana na mimi. Nyama tuligawa mpaka Musaga. Mungu akulipe.

Jibu ni hapana. Wala si hapana ya hasira, nimeifikiria vizuri, nimelala nayo, nimeswali nayo. Haji anaomba mmoja kwa sababu anajua huo mmoja ndio wenye maana. Nikiugeuza, kila atakayefungua kitabu ataona kwamba mikono mia tatu ya Houda ni halali ila huu una aibu. Binti yule wa darasani atauona kabla ya wote. Wanafunzi wa Buterere nimewafikiria pia, usidhani wewe peke yako una huruma. Nitawapelekea mimi, kwa miguu au kwa baiskeli ya Elvire, nakala chache kuliko za Haji, na kila mkono humo utakuwa umesema kweli.

Skripti yako nimeifuta. Nimeandika yangu. Ni fupi na mbaya, inalalamika kila ikikutana na jina lenye nafasi katikati, lakini inafungua mchoro, inaukata ukingo, inaubadili kuwa PDF na kuuacha mkono ulipo. Faili ziko kwa mchapishaji mdogo hapa mjini. Kitakuwa cheusi na cheupe, karatasi nyembamba, jalada la kawaida. Wazazi wamechangia, wengine wa kanisa, wengine wa msikiti. Jina la Haji nimeliondoa kwenye ukurasa wa kwanza kwa heshima, na nilimwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Nilimsalimia kwa kulia. Alipokea.

Ukurasa huo ukabaki mweupe, na mchapishaji akauliza pataandikwa nini.

Jumatano Mama alikuja darasani. Hajawahi kuja, miaka yote hii, anasema goti. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango na mkoba wake magotini. Wanafunzi walikuwa wanagombania nani ameficha chaki, mikono ishirini inaruka kwa pamoja, na mimi mbele nawakemea kwa wangu. Alikaa mpaka mwisho. Watoto walipotoka alimwita Elvire.

Elvire aliniambia Mama amesema: "Kumbe wanapiga kelele hivi."

Nikacheka, nikamwambia kila siku.

Kisha akanishika mkono wa kushoto. Akaushika pale kwenye kiwiko, kitenge kilipokuwa kinapita. Akaniuliza kupitia kwa Elvire, bila kumtazama: "Siku zile niliufunga, ulikuwa unataka kusema nini?"

Ningeweza kumjibu mengi. Nina mengi, unayajua. Nilimwambia ukweli. Nilimwambia, ulikuwa unakuita wewe.

Mama alilia, mimi nikalia, Elvire akalia na akasahau kutafsiri. Sikumwambia yamekwisha. Hayajaisha, na anajua. Lakini tulipofika nyumbani aliugusa ule ukurasa mweupe kuuliza ni wa nini. Nikamwonyesha kwa vidole, mahali pa jina. Akatoka kwenda kumwita jirani anayejua kuandika, akamwambia maneno, akayaleta kwenye karatasi na kuyaweka mbele yangu kwa nguvu, kama mtu anayeweka sahani mbele ya mgeni mkaidi. Jirani aliyaandika kama alivyoyasema: "Watu watauliza nani alimulea. Basi wajue ni mi."

Nimeyasafisha na kuyaongezea kidogo. Yamekwisha kwenda kwa mchapishaji, yamepangwa, hayageuzwi tena. Ukurasa wa kwanza unasema hivi:

Mikono yote iliyo humu ni ya Houda, binti wa Twahiru wa Buyenzi, anayesema kwa mkono wa kushoto. Aliyemlea ni mimi, Fatouma, mama yake.

Dada yako,
Houda